Moshi ifufue gofu yake, lakini si kwa maji ya mkulima

UKIUTAJA mji wa Moshi mbele ya mgeni, mambo mawili humjia haraka kichwani: mlima na kahawa. Ni nadra mtu kutaja gofu. Hata hivyo, mji huu una uwanja wa mashimo tisa wa Moshi Club, upande wa Shanty Town, uliorithiwa kutoka enzi za utawala wa Waingereza. Kusini mwa mji, katikati ya mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini, kuna uwanja mwingine.

Kwa wakazi wengi wa Moshi, viwanja hivyo ni sehemu za wakubwa. Hupitwa kwa mbali, na wanaovifahamu kwa karibu ni wanachama, makedi wanaobeba mifuko ya fimbo na mafundi wanaokata majani.

Swali ambalo wadau wa uchumi wa mkoa huu hawajalijibu ni hili: je, ekari hizo za nyasi ni mali au ni anasa? Jibu la haraka limekuwa la aina mbili. Wapo wanaosema gofu ni mchezo wa matajiri, hivyo ardhi yake ingekatwa viwanja vya nyumba. Wapo pia wanaosema gofu ndiyo utalii wa kisasa, hivyo vijengwe viwanja vingine vikubwa zaidi mteremkoni, mahali penye ubaridi na mandhari nzuri.

Majibu yote mawili yana kasoro. Uwanja wa zamani ni mali ambayo haijavunwa ipasavyo, na uwanja mpya mteremkoni ni gharama ambayo mkulima ndiye atakayeilipa. Ili kuliona hilo, ni vyema kwanza kutazama pwani, ambako mchezo huu una mizizi yake.

Gofu ilizaliwa kwenye ardhi mbovu

Gofu ilikulia Scotland, kando ya bahari, kwenye vipande vya mchanga vilivyo kati ya ufukwe na mashamba. Ardhi hiyo haikufaa kwa ngano wala shayiri. Ilifaa kwa kondoo, na kondoo wakawa ndio wakataji wa kwanza wa nyasi. Katika mji wa St Andrews, hati ya mwaka 1552 ilitambua haki ya wenyeji kuitumia ardhi hiyo kwa kucheza gofu na kulisha mifugo. Ni hapo pia ambapo mwaka 1764 mashimo yalipunguzwa kutoka 22 hadi 18, hesabu ambayo leo inafuatwa dunia nzima.

Kwa lugha ya mchumi wa kilimo, wenyeji wale hawakupoteza kitu. Ekari moja ya mchanga wa ufukweni iliyogeuzwa uwanja haikumnyima mtu yeyote gunia la nafaka. Mvua na umande vilitosha kuotesha nyasi, na upepo wa bahari ukawa ndio ugumu wa mchezo.

Jambo la pili la St Andrews lina uzito mkubwa zaidi kwa Moshi. Uwanja ule wa kale ni wa umma. Tangu mwaka 1974 unasimamiwa na taasisi maalumu iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, na kwa kawaida siku za Jumapili hauchezwi, bali wenyeji hutembea humo na watoto na mbwa wao. Mgeni kutoka Marekani au Japani hulipa ada kubwa kucheza siku za kazi, na fedha yake hutunza uwanja ambao mwenyeji anautumia kwa masharti nafuu. Ukongwe wa uwanja ndio bidhaa yenyewe, na mji mzima unakula kupitia hoteli, migahawa, maduka na usafiri.

Mfano wa Mombasa

Huhitaji kwenda Ulaya kuliona jambo hilo. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, na uwanja wake wa mashimo tisa uko juu ya miamba ya matumbawe, mahali kisiwa kinapoitazama Bahari ya Hindi. Mchezaji akisimama kupiga mpira huziona meli zikiingia bandari ya Kilindini, na upepo wa kusi ukivuma, mpira uliopigwa vizuri unaweza kupeperushwa hadi kwenye magugu.

Uwanja huo si mrefu na haulingani na viwanja vipya vya kifahari. Anayetaka mashimo 18 huzunguka mara mbili. Lakini mgeni anayefika Mombasa hachezi pale kwa sababu ya urefu. Hucheza kwa sababu ya umri wa mahali, bahari iliyo mbele yake, na ukaribu wa Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Akimaliza mizunguko asubuhi, mchana anaweza kuwa Mji Mkongwe akila biriani. Kwa hiyo gofu pale ni kipande kimoja cha siku nzima ya matumizi ya mgeni.

Dar es Salaam nayo ina Gymkhana, uwanja wa mashimo 18 ulio katikati ya jiji, jirani na Bustani ya Mimea na Hospitali ya Ocean Road, hatua chache kutoka baharini. Ukiutazama kwa bei ya ardhi ya eneo lile, mtu wa hesabu fupi angesema zijengwe ghorofa. Mtu wa hesabu ndefu anajua kwamba jiji lililokosa pumzi haliwezi kununua tena ekari za miti na nyasi katikati yake.

Tofauti ya mteremko

Sasa turudi Kilimanjaro, ambako hesabu inabadilika. Hapa ardhi si mchanga wa ufukweni. Ni udongo wa volkano, na kila kipande kina mwenyewe. Kihamba cha Mchagga kina migomba, kahawa, miti ya kivuli, mbogamboga na ng'ombe zizini, vyote katika eneo ambalo mara nyingi halizidi ekari chache. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hicho cha vihamba katika Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Kilimanjaro kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Baba akigawa kihamba kwa wana watatu, na wana hao nao wakagawa kwa watoto wao, kinachobaki ni kiwanja cha nyumba na migomba michache. Kijana wa Kibosho au Uru anayekimbilia Dar es Salaam hakimbii kazi ya jembe tu, anakimbia ufinyu wa ardhi.

Katika mazingira hayo, uwanja mpya wa mashimo 18 ungehitaji hekta 50 au zaidi. Pwani ya Kenya, Vipingo Ridge ilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge, zao lililokwishapoteza sehemu kubwa ya soko lake. Karibu na Usa River, mkoani Arusha, kuna uwanja wa mashimo 18 uliojengwa pamoja na nyumba za makazi kwenye eneo kubwa la tambarare. Miradi ya aina hiyo inahitaji ardhi pana ambayo mwenye nayo hana matumizi bora zaidi. Mteremkoni Kilimanjaro, ardhi ya namna hiyo haipo.

Hesabu ya maji

Penye uzito zaidi ni maji. Hesabu yake ni rahisi na kila mkulima wa umwagiliaji anaijua. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Wakati wa kiangazi kikali, nyasi za uwanja zinaweza kutumia kama milimita tano kwa siku. Hiyo ni lita 50,000 kwa hekta moja, kila siku.

Uwanja wa mashimo tisa unaweza kuwa na hekta kama 10 za njia za kuchezea. Zikimwagiliwa zote, ni lita 500,000 kwa siku. Kwa kiwango cha lita 50 kwa mtu, maji hayo yanatosha watu 10,000.

Lakini ikimwagiliwa ile sehemu ya mwisho tu yenye shimo, ambako nyasi hukatwa fupi kama zulia, hesabu inashuka sana. Sehemu tisa za namna hiyo, kila moja ikiwa na mita za mraba 450, hazifiki hata nusu hekta. Zinahitaji lita kama 20,000 kwa siku, yaani matumizi ya watu 400. Njia nyingine zikiachwa zigeuke kahawia Januari na Februari, na zirudie ukijani masika yakianza Machi, mchezo unaendelea na hakuna kisima cha mtu kinachokauka.

Tofauti kati ya lita 500,000 na lita 20,000 ndiyo tofauti kati ya uwanja jirani mwema na uwanja mnyang'anyi.

Wakazi wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa ugomvi wa maji. Mifongo ya Wachagga, iliyochimbwa vizazi vingi kabla ya mkoloni, iliendeshwa kwa zamu na kwa adhabu kwa mwizi wa zamu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, ulipungukiwa maji kwa kuwa wakulima wa juu nao waliona faida ya mpunga na kuanza kuulima. Mto uliogawanywa bila mpango haumtoshi mtu yeyote. Kuongeza juu ya mifongo hiyo mteja mpya mwenye pampu kubwa na mkoba mnene ni kutafuta kesi.

Kwa hiyo hoja ya kujenga viwanja vipya vya gofu mteremkoni haina mashiko ya kiuchumi. Faida yake ingekwenda kwa mwenye mradi, na hasara yake ingebebwa na aliye chini ya mfongo.

Kilichopo kivunwe

Viwanja vilivyopo ni suala jingine. Ardhi yake imekwishatengwa, miti yake imekwishakua na gharama ya kuvianzisha ililipwa zamani. Kinachokosekana ni mapato ya kuvitunza, na mapato hayo yanapita barabarani kila siku yakielekea uwanja wa ndege wa KIA.

Mtalii wa Kilimanjaro hutumia siku kati ya tano na tisa mlimani. Akishuka, hulala Moshi usiku mmoja, huoga, hufua, hula vizuri, kisha huondoka kwenda Serengeti, Zanzibar au kwao. Mapato makubwa ya safari yake yamebaki kwenye ada za hifadhi na kampuni ya utalii. Mji wenyewe unapata makombo. Kila usiku mmoja unaoongezeka ni chakula, chumba, teksi, bodaboda, fundi viatu na mama wa ndizi.

Wengine hufuatana na wapanda mlima lakini wao hawapandi. Mume yuko Barafu, mke yuko hotelini Moshi siku saba akisoma kitabu. Huyo ndiye mteja wa asubuhi ya gofu, mchana wa kahawa kule Materuni na jioni ya soko la Mbuyuni.

Chukulia wageni 12 tu kwa wiki, katika wiki 40 za mwaka zisizo na mvua kubwa. Hao ni wageni 480. Kila mmoja akilala usiku mmoja wa ziada na kuacha mjini Sh200,000 kwa ada ya kucheza, kedi, chakula, usafiri na malazi, jumla ni Sh96 milioni kwa mwaka. Si fedha za kuitikisa bajeti ya mkoa, na wala haziwezi kulinganishwa na kahawa. Lakini ni fedha zinazoingia mikononi mwa watu wengi wadogo, bila kuhitaji hata ekari moja mpya.

Moshi inajua kwamba michezo inaleta fedha. Kila mwaka mbio za Kilimanjaro Marathon zinapokaribia, vyumba vya kulala wageni hujaa hadi vichochoroni. Na mwaka 2024 uwanja wa TPC ulipokea wachezaji wa gofu wa kulipwa na wa ridhaa katika mashindano ya Lina PG Tour, yanayomuenzi Lina Nkya. Hoja iliyobaki ni kuwa na wageni wa kila wiki badala ya kungoja tukio la mara moja.

Moshi pia ina kitu ambacho Mombasa haina. Mawingu yakifunguka asubuhi, Kibo, yenye mita 5,895, husimama nyuma ya mchezaji kama ukuta mweupe. Na kwa kuwa mji uko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko Mombasa, hewa ni nyepesi kidogo na mpira huenda mbali kidogo. Mchezaji wa wikiendi hufurahia jambo hilo kuliko anavyokiri.

Nini kifanyike?

Kwanza, mipaka ya viwanja vya zamani ilindwe kwa hati na kwa mpango wa matumizi ya ardhi wa mji. Katika miji mingi nchini maeneo ya wazi yamemegwa kipande kwa kipande, leo ukumbi, kesho gereji, na kilichomegwa hakirudi. Halmashauri isione nyasi ikadhani ni ardhi iliyokosa kazi.

Pili, milango ifunguliwe. Klabu ambazo zamani ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu haziwezi kuitetea ardhi yao leo kama jirani zao bado wanaziona kama ngome. Ada ya mgeni wa siku itangazwe wazi na ifike hotelini na kwa mawakala wa utalii. Mwenyeji awe na bei yake. Watoto wa shule wapate angalau alasiri moja kwa wiki. Mtoto aliyewahi kushika fimbo pale hatanyamaza uwanja ukikatwa viwanja vya nyumba.

Tatu, makedi watambuliwe kama wafanyakazi wenye ujuzi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Kedi anayejua upepo, mteremko na lugha ya mgeni ni muongoza watalii kamili. Apewe mafunzo, kitambulisho na malipo yanayojulikana mapema, badala ya kutegemea huruma ya mchezaji aliyeshinda.

Nne, maji yapimwe. Kila uwanja uwe na dira yake na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani pale unapochota mtoni au kisimani. Umwagiliaji wa kiangazi uishie kwenye sehemu za mashimo. Uchaguzi wa nyasi zinazostahimili ukame ni jambo la kawaida, na mtaalamu yeyote wa malisho anaweza kuwashauri.

Tano, majani yasitupwe. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 hula takriban kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akina mama wa mteremkoni huyabeba kichwani kutoka tambarare. Majani marefu ya pembezoni mwa uwanja, yale ambayo hayajapuliziwa dawa, yanaweza kuuzwa kwa bei nafuu kwa wafugaji wa zizini. Klabu itapunguza gharama ya kufyeka, mfugaji atapata malisho, na uhusiano wa jirani utakuwa na mtindi ndani yake.

Sita, gofu iuzwe pamoja na kahawa. Huu ni mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichozaliwa mwaka 1933, na Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, si mbali. Mgeni akimaliza shimo la tisa anywe kahawa ya arabika ya kikundi cha wakulima kinachojulikana kwa jina, na aondoke na pakiti yake. Ni jambo la aibu kuketi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuletewa kahawa ya unga ya kopo kutoka nje ya nchi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Linalohitajika ni kikao kimoja cha viongozi wa klabu, Manispaa, mawakala wa utalii na vyama vya ushirika, na kila mmoja atoke na kazi yake.

Mkulima wa Kilimanjaro aliiona bei ya kahawa ikiporomoka mwaka 2001 hadi baadhi wakang'oa mibuni iliyopandwa na babu zao. Tangu hapo wengi wamejuta, kwani mbuni ulioondolewa hautoi maua bei ikipanda. Uwanja wa zamani uko hivyo hivyo. Ukiuzwa leo kwa sababu hauingizi fedha, hautanunuliwa tena siku mji utakapouhitaji. Na maji ya mfongo yakichepushwa leo ili kujenga mpya, hayatarudishwa kwa maneno ya kuomba radhi.